Maji Yanayolala Ndani ya Gari



Somo letu la leo ni kutu katika magari ya zamani. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mimi sina gari. Kutu ya gari inanihusu nini?" Inakuhusu. Dagaa wako hupanda gari kwenda soko la Mwanga. Mgonjwa wako hupelekwa hospitali ya Maweni kwa gari. Mtoto wako hupanda gari kwenda kumwona bibi yake Kasulu. Mengi ya magari hayo ni ya zamani. Yalifanya kazi miaka mingi nchi za mbali, ndipo yakaletwa kwetu. Sakafu ya gari ikioza, anayetumbukia ni abiria.

Tuchukue mfano.

Wanawake saba wanaonunua dagaa Kibirizi walichanga fedha kidogo kidogo. Baada ya miaka mitatu wakanunua pikapu kuukuu. Waliipeleka kwa fundi wa bodi, akaipiga rangi ya buluu. Ikang'aa. Watu wakawapongeza.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Rangi ikaanza kutoa malengelenge chini ya milango. Mmoja wao alibonyeza lengelenge moja kwa kidole. Kidole kikapenya bati mpaka ndani.

Wakaenda kwa fundi mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama gari letu. Mwaka juzi tulilipia rangi. Leo bati limekuwa laini kama mkate."

Fundi alichuchumaa. Akagonga mlango kwa kidole, kuanzia juu kuja chini. Juu mlango ulilia kama debe tupu. Chini sauti ilikuwa nzito.

"Mama, mlango huu una maji ndani."

"Maji ya wapi? Tangu juzi mvua haijanyesha!"

"Ndiyo hayo hayo ya juzi, mama."

Akaokota kijiti, akachokoa chini ya mlango. Kwanza likadondoka tope. Kisha yakatoka maji mekundu. Yalitoka mpaka yakajaza kopo.

MAJI YALIINGIAJE?

Mlango wa gari una mabati mawili, moja la nje na moja la ndani. Yamekunjwa na kubanwa pamoja ukingoni. Katikati yake pana nafasi, na kioo cha dirisha hushuka katika nafasi hiyo. Ili kioo kipande na kushuka, lazima juu ya mlango pawe na ufa. Ufa huo una mpira unaokigusa kioo na kuzuia maji. Mpira mpya huzuia maji mengi, lakini hauzuii yote. Mpira uliopigwa na jua miaka mingi hukauka, ukapasuka, ukawa hauzuii kitu. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya kioo, yakaingia ndani ya mlango.

Waliotengeneza gari walilijua jambo hili. Hawakuhangaika kuzuia kila tone. Waliacha matundu madogo chini kabisa ya mlango, mara nyingi mawili au matatu. Mengine ni ya mviringo kama punje ya haragwe, mengine ni nyufa fupi. Maji huingia juu, hutoka chini, na mlango hukauka.

Basi, maji kuingia mlangoni si ugonjwa. Ugonjwa ni maji kukosa njia ya kutoka.

Kitu gani huziba matundu hayo? Hapa kwetu kikubwa ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hupenya kila mahali. Huingia mlangoni kwa ufa ule ule wa kioo, likajilaza chini. Mvua hapa Kigoma huanza mwezi Oktoba au Novemba, huendelea mpaka Aprili au Mei. Mvua ya kwanza huligeuza vumbi hilo kuwa tope. Tope huziba matundu, kisha hukauka kama tofali. Mvua ya pili hukuta njia imefungwa.

Majani nayo huziba. Mji wetu una miembe mingi, hasa kule Ujiji, na kila dereva hupenda kivuli. Majani ya mwembe huanguka mbele ya kioo kikubwa, pale boneti linapoishia. Hapo pana mfereji wenye matundu ya kutoa maji pembeni. Majani yakioza humo, maji hujaa. Mwisho humwagika ndani, miguuni pa dereva.

Tena kuna fundi. Fundi wengi ni hodari, lakini wako wanaofanya kazi kwa haraka. Anapiga puti, anapiga rangi, na rangi na puti huziba matundu. Au anachomelea kiraka cha bati juu ya bati lililooza, akafunika na tundu. Mwenye gari hulipa, hushukuru, na kuondoka na mtungi badala ya mlango. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale mama wa Kibirizi. Rangi yao nzuri ya buluu ndiyo iliyofungia maji ndani.

KUTU NI NINI?

Chuma hushika kutu kikipata vitu viwili kwa pamoja, maji na hewa. Kikikosa kimoja, hakishiki kutu. Chumvi ikiongezeka, kutu hukimbia.

Msikubali kwa maneno tu. Fanyeni jaribio hili darasani. Tafuteni chupa nne safi na misumari minne ya kawaida ya mbao. Msitumie misumari ya kuezekea, maana hiyo imepakwa madini mengine yanayozuia kutu. Osheni misumari kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya dukani, kisha muikaushe vizuri.

Katika chupa ya kwanza tieni msumari mkavu, mfunge kifuniko kwa nguvu. Kwa chupa ya pili, chemsheni maji kwa dakika kumi ili hewa iliyomo itoke. Yaacheni yapoe kidogo, yamimineni juu ya msumari mpaka yaufunike, kisha mwagieni juu yake mafuta ya kupikia. Mafuta yataelea na kuzuia hewa isirudi. Katika chupa ya tatu tieni maji ya bomba yafike nusu ya msumari. Chupa ya nne iwe kama ya tatu, lakini ongezeni kijiko cha chumvi.

Subirini wiki moja. Misumari ya chupa ya kwanza na ya pili itakuwa bado safi. Wa tatu utakuwa na kutu, na wa nne utakuwa na kutu zaidi. Zitazameni sana chupa mbili za mwisho. Msumari ambao nusu yake iko majini na nusu iko hewani ndio hali ya bati la mlango wenye maji. Tope bichi ni baya vilevile. Halijazi mlango, lakini hulilowanisha bati siku nyingi, na hewa inafika.

Sasa fikirieni unene wa bati hilo. Bati la mlango wa gari dogo kwa kawaida halifiki milimita moja. Likiliwa kutoka ndani, nje huoni kitu mpaka siku za mwisho. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma rangi nje. Hilo ndilo lengelenge. Ukiona lengelenge, jua kuwa kutu imekwisha kula upande wa pili, na sasa inabisha hodi nje.

MELI ILIYOPAKWA GRISI

Hapa Kigoma tuna ushahidi mkubwa kuliko chupa. Wazee wote wa mwambao wanaijua meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa mpaka hapa. Ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Goetzen.

Mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi wake walifanya jambo moja kwanza. Waliipaka mitambo yake grisi nzito. Baadaye Wabelgiji waliinua meli hiyo, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini. Wakakuta mitambo bado inafaa! Mwaka 1927 meli ilianza kusafiri tena, ikiitwa Liemba. Hilo lilikuwa jina la zamani la sehemu ya ziwa letu.

Grisi haina uchawi. Ililifunika bati na chuma, na maji hayakukigusa chuma chenyewe. Kazi hiyo hiyo grisi inaweza kuifanya ndani ya mlango wa pikapu.

MAHALI PENGINE MAJI HULALA

Chini ya mlango, pale abiria anapokanyaga akipanda, pana kizingiti. Kizingiti ni kama sanduku refu la bati, tupu ndani. Katika magari mengi madogo sanduku hilo husaidia kuubeba uzito wa gari. Nalo lina matundu chini. Likioza, mlango huanza kugoma kufunga, kwa sababu gari linapinda katikati. Dereva akikwambia, "Mlango huu mpaka uunyanyue ndipo ufunge," kwanza tazama bawaba. Kama bawaba ni nzima, tazama kizingiti.

Sakafuni watu hutandika zulia, maboksi au gunia ili pasichafuke. Maji ya viatu huingia chini yake, hayaoni jua tena. Mimi naona heri sakafu tupu inayofagiwa kila jioni kuliko zulia linalonuka uvundo. Nyuma ya pikapu wengine huweka bati la ziada au mbao ili mizigo isikwaruze rangi. Ni wazo zuri, lakini libebe bati hilo na kulinyanyua kila wiki. Maji ya samaki na ya barafu hupita chini yake, yakabaki humo pamoja na magamba na mchanga.

Wanaobeba chumvi ya Uvinza wajue kuwa wamebeba chakula cha kutu. Chumvi iliyomwagika katika pembe za bodi huvuta unyevu wa hewa. Hata siku isiyo na mvua bati hulowana. Gari likishusha chumvi lifagiwe kwanza, kisha lioshwe kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Lisingoje kesho.

Wengine wataleta hoja ya Land Rover. Watasema, "Land Rover ya zamani haishiki kutu." Ni kweli nusu. Tangu mwaka 1948 sehemu kubwa ya mabati ya nje ya Land Rover zile ilikuwa alumini, kama sufuria zetu. Alumini haitoi kutu nyekundu. Lakini chesisi ni ya chuma, tena ni boriti zenye uwazi ndani, zinazoweza kujaa matope. Aidha pale alumini inapogusana na chuma, pakiwa na maji, alumini nayo huliwa. Hugeuka unga mweupe. Kwa hiyo wenye Land Rover wasicheke wenzao.

Kando ya chesisi ya gari lolote hupita vijibomba vyembamba vya breki. Katika magari mengi vijibomba hivyo ni vya chuma. Tope likivigandamia miaka mingi, huliwa mpaka vikawa vyembamba kama ganda la yai. Siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, ndiyo siku bomba linapopasuka. Fikirieni jambo hilo likitokea kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni, na nyuma ya gari wamo watu kumi na wawili. Kijibomba kikionekana kina kutu ya magamba, kibadilishwe. Hakipakwi rangi, wala hakifungwi kwa mpira.

KAZI YA MWEZI WA TISA

Kazi hii ifanywe mwezi Septemba, kabla mvua haijaanza. Haitaki fedha nyingi. Inataka asubuhi moja.

Lala chini ya mlango, au ufungue na utazame ukingo wake wa chini. Tafuta matundu. Kama huyaoni, pitisha kidole taratibu. Mengine yamefichwa na tope. Chokoa kwa kijiti cha mti laini au ubua. Usitumie msumari wala bisibisi, maana utakwangua rangi iliyobaki, na kutu itaanzia hapo.

Kisha chukua lita moja ya maji safi. Mimina taratibu juu ya kioo ili yaingie kwa ufa, na mwenzako atazame chini. Maji yakitoka mara moja, matundu ni mazima. Yakitoka kwa kudondoka, chokoa tena. Yasipotoka kabisa, unayo kazi. Tazama na rangi yake. Ardhi yetu ni nyekundu, kwa hiyo usiogope kila maji mekundu. Sugua uchafu huo katikati ya vidole. Udongo huyeyuka na kulainika. Kutu ina vipande vigumu kama magamba. Endelea kumimina mpaka maji yatoke meupe.

Baada ya hapo fungua milango yote, uiache juani mpaka jioni.

Mlango ukishakauka ndipo upake kinga ndani. Vua kadibodi ya mlango kwa uangalifu. Nyuma yake mara nyingi kuna karatasi ya nailoni. Usiitupe! Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango ili yafuate matundu, yasije kwenye viti. Wanaofunga spika za redio hupenda kuikata, na ndiyo maana magari mengi yenye muziki mkubwa yana sakafu iliyolowa. Paka grisi nyepesi au oili safi nzito sehemu ya chini, hasa pale mabati mawili yanapokunjana. Kisha chokoa matundu tena, maana grisi yenyewe inaweza kuyaziba.

Watu wengi hutumia oili chafu iliyotolewa katika injini, kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo huzuia maji kidogo, lakini ina sumu inayodhuru ngozi ikigusa mara kwa mara. Tena hudondoka barabarani, na mvua huipeleka ziwani tunakochota maji. Heri kununua grisi kidogo. Na mawese je? Kigoma ni nchi ya mawese, na nimewahi kuulizwa swali hili zaidi ya mara moja. Mawese yakikaa huchacha, na uchachu ni adui wa chuma. Tena huganda kukiwa na baridi, yakaziba matundu. Mawese yabaki jikoni.

Jambo jingine ni kuosha gari ziwani. Dereva huingiza gari majini mpaka magurudumu yazame. Gari hutoka likipendeza, lakini maji yameingia katika kizingiti na chesisi, na oili yake imebaki mahali mama anapojaza ndoo. Gari lioshwe nchi kavu kwa ndoo.

UKIENDA KWA FUNDI

Kama bati limekwisha kuoza, grisi haitalifufua. Itabidi fundi. Lakini patana naye kwa maneno yaliyo wazi kabla hujatoa fedha. Mwambie bati lililooza likatwe lote mpaka afike kwenye bati zima. Asichomelee kiraka juu ya kutu, maana kati ya kiraka na bati la zamani maji yatapata chumba kipya. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani, kwa hiyo mwambie apake rangi na ndani pia. Matundu yabaki wazi. Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, mimina lita yako moja ya maji mbele yake. Fundi mzuri hatachukia.

Wale mama saba walimwambia fundi hivyo hivyo. Alikata bati la chini la milango yote miwili, akaunga jipya, akapaka ndani na nje. Gharama ilikuwa kubwa kuliko ile ya rangi ya kwanza. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, mmoja wao alishika kijiti mwenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bawaba: vyuma vinavyoshika mlango ili ufunguke na kufunga.
Chesisi: mifupa ya gari, iliyo chini ya bodi.
Kizingiti: sanduku la bati lililo chini ya mlango wa gari.
Puti: dawa laini ya kujazia mabonde ya bati kabla ya rangi.

MASWALI

1. Kwa nini mlango wa gari una matundu chini?
2. Taja vitu vitatu vinavyoziba matundu hayo hapa kwetu.
3. Msumari wa chupa ya pili ulikuwa ndani ya maji. Kwa nini haukushika kutu?
4. Mwenzako anasema kuwa lengelenge la rangi litibiwe kwa kupaka rangi nyingine juu yake. Utamjibu nini?
5. Darasa limwombe mwenye gari mmoja ruhusa ya kulikagua. Mwanakisomo mmoja amimine maji, mwingine atazame chini, na wa tatu aandike katika daftari: mlango upi, matundu mangapi, maji yalitokaje, rangi yake ilikuwaje. Mwenye gari apewe karatasi hiyo.